Nunua Waya Kabla ya Chaja

Mhadhara kwa wenye magari ya umeme na wanaofikiria kuyanunua, Dar es Salaam

Mwenyekiti kaniomba nisivuke saa moja. Kwa kuwa mimi ni fundi umeme na siyo mwanasiasa, nitajitahidi.

Kabla sijaanza, naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono. Ni soketi ya ukutani ya matundu matatu, kama zile mlizonazo nyumbani. Tazameni tundu la chini, la kulia. Plastiki imeyeyuka ikaganda kama nta ya mshumaa, na shaba ya ndani imekuwa nyeusi. Nuseni pia, miezi minane imepita na harufu bado ipo. Niliitoa Kimara, kwenye sebule ya mwalimu mstaafu aliyenunua Nissan Leaf iliyotumika Japani. Hapakuwa na shoti. Breka haikuanguka. Mzee wa watu alikuwa anachomeka gari lake akirudi kutoka swala ya isha, analichomoa alfajiri, mpaka usiku mmoja mkewe akaamka akisema, "Baba, kuna kitu kinaungua."

Soketi ile ilikuwa na kosa moja: ilipewa kazi ya birika, kisha ikanyimwa mapumziko ya birika. Birika la umeme la wati 2,200 linavuta ampea karibu 10. Linavuta dakika nne, maji yanachemka, linazimika, na soketi inapoa mpaka chai ya jioni. Gari linavuta ampea hizo hizo, au zaidi, kwa saa nyingi mfululizo, kila siku ya Mungu. Palipolegea skrubu, au pini isipobana vizuri, panazaliwa ukinzani mdogo tu. Tuseme nusu omu. Ampea 10 zikipita hapo zinatoa wati 50 za joto. Mnaikumbuka balbu ya zamani ya wati 60, ile isiyoshikika kwa mkono? Sasa joto linalokaribia hilo lifungieni ndani ya plagi, usiku kucha.

Kwa mwalimu yule palikuwa na la ziada. Waya uliokuja na gari ulitengenezwa kwa matumizi ya Japani: volti 200, ampea 15. Ulikuwa na plagi ya kwao. Aliyemuuzia gari aliikata, akafunga plagi yetu ya pini za bapa. Plagi hii tuliirithi kwa Waingereza, walioiwekea kiwango mwaka 1947, na mwisho wake ni ampea 13, na fyuzi yake imo humo humo ndani. Fyuzi ilipoanza kupata moto na kuungua, kijana mmoja wa mtaani akaizungushia karatasi ya sigara, ile yenye kung'aa. Hapo mlinzi wa mwisho akawa ameondolewa mlangoni.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila wiki napigiwa simu na swali ni lile lile: "Fundi, chaja gani nzuri?" Watu wameona picha mtandaoni, kisanduku cheupe ukutani chenye taa ya kijani, na wanataka jina la kampuni. Mimi nawauliza: kwa siku unatembea kilomita ngapi? Wengi wananyamaza. Hawajawahi kuhesabu, maana kituo cha mafuta hakikuulizi.

Basi tuhesabu hapa. Mtu anakaa Mbezi, kazi yake Posta. Kwenda, kurudi na kupitia sokoni, tumpe kilomita 50. Gari dogo kama Leaf linakula takriban uniti 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo kwa siku linahitaji 8. Njiani kutoka ukutani hadi kwenye betri umeme kidogo unapotea kama joto, kwa hiyo mita ya LUKU itahesabu kama 9. Ukichaji kwa ampea 10 kwenye volti 230, unapata kilowati 2.3. Uniti 9 zinaingia kwa saa nne. Gari limefika nyumbani saa moja jioni, linaondoka saa kumi na moja alfajiri, limesimama saa kumi nzima. Unakimbilia wapi?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Wanauza kasi, na mwenye gari la familia ana saa za kumwaga. Pesa ya kasi aihamishie kwenye waya, breka na ethi, vitu ambavyo mgeni hatavisifia kwa sababu vimefukiwa ukutani.

Lile sanduku tunaloliita chaja, kwa umeme huu wa kawaida, si chaja. Chaja halisi imo ndani ya gari. Ndiyo inayobadili umeme wa nguzo kuwa umeme wa betri. Sanduku la ukutani ni swichi yenye adabu. Ukichomeka, linaongea na gari kwa waya mwembamba wa pembeni, kwa mapigo 1,000 kila sekunde. Upana wa mapigo ndiyo lugha yenyewe. Pigo likichukua nusu ya muda wake, gari linaelewa: hapa unaruhusiwa ampea 30. Likichukua sehemu moja ya kumi, ni ampea 6, na chini ya hapo utaratibu hauruhusu. Gari nalo linajibu kwa kushusha volti za waya ule kutoka 12 hadi 9, maana yake nimefika, kisha hadi 6, maana yake niko tayari, leta. Hapo ndipo swichi inafunga na umeme unapita. Ndiyo maana ukishika kichwa cha waya wa gari kabla hakijachomekwa hakikupigi: hakina umeme wa kukupiga.

Ukilielewa hilo, hutafanya kosa nililolifanya mimi. Miaka michache iliyopita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniita nimfungie chaja. Alikuwa na pesa, na mimi nilikuwa na hamu. Nikamshauri achukue sanduku la kilowati 22, la umeme wa njia tatu. Tukaomba njia tatu, tukavuta kebo nene, tukachimba. Wiki moja baadaye akanipigia.

"Fundi, mbona gari linachaji usiku kucha kama zamani?"

Nikaenda, nikafungua kitabu cha gari. Chaja ya ndani ilikuwa ya kilowati 3.3, ya njia moja. Sanduku lilikuwa linamwambia gari kula 22, na gari lenyewe lilikuwa na koo la kumeza 3.3.

"Mama," nikamwambia, "kosa si la gari wala la sanduku. Ni langu."

Akanitazama kitambo. "Basi chai yako leo unajilipia mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa bisibisi nasoma kwanza koo la gari. Na nyinyi mnaoagiza magari, someni pia umbo la mdomo. Magari ya Japani kama Leaf huwa na mdomo wa Aina ya 1 kwa umeme wa kawaida, na wa CHAdeMO kwa ule wa haraka. Ya Ulaya yana Aina ya 2 na CCS2. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana mdomo wao wa GB/T. Gari la bei nzuri bandarini linaweza kukulazimisha kutembea na adapta maisha yako yote. Na hakikisheni waya wake umo ndani ya buti. Ukishauzwa kando, kuupata ni shughuli.

Sasa waya wa ukutani. Mtu akiniambia anataka ampea 32 kwa njia moja, yaani kilowati 7.4, namuuliza ni mita ngapi kutoka kwenye meni swichi hadi gari linapolala. Nyumba zetu zina ua, geti liko mbali, na gari halilali sebuleni. Kwa waya wa milimita 6 na umbali wa mita 30, ampea 32 zinapoteza volti 7 njiani. Si nyingi, kama ulianza na 230. Lakini wengi wetu tuko mwisho wa laini, saa mbili usiku volti zinasoma 200 au pungufu, na kila mtaa umewasha kiyoyozi. Ukitumia waya wa milimita 10, zinazopotea njiani ni 4 tu. Tofauti ya bei inauma siku moja. Waya mwembamba unaunguza kidogo kidogo kila usiku, na umeme unaoungua humo umeshalipiwa LUKU.

Njia ya gari iwe yake peke yake: breka yake, waya wake, bila kugawana na friji wala pampu ya maji. Kwa anayechaji ampea 10 au 15, sipendekezi soketi ya kawaida hata kama ni mpya. Fungeni ile ya bluu ya viwandani, ya pini nene za mviringo. Inabana, haichezi, na imetengenezwa kubeba mzigo wa saa nyingi. Mwalimu wa Kimara anatumia hiyo sasa, na waya wake wa Kijapani umepata plagi inayolingana nayo.

Nimefika kwenye ethi. Hapa naomba wenye simu waziweke chini kidogo.

Nchi hii tuna ujuzi mmoja ambao kila mtoto anaujua. Plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi ya matundu matatu. Unachukua kalamu, unasukuma tundu la juu, vifuniko vya chini vinafunguka, unachomeka. Tundu la juu ndilo la ethi. Tumekua tukilitumia kama mlango wa wizi, na tumesahau lilikuwa la nini. Redio na chaja ya simu havilalamiki. Gari la umeme linalalamika: waya wake unapima ethi kabla ya kuruhusu umeme, na usipoiona, taa nyekundu inawaka, gari halichaji.

Mwenye gari anaita fundi. Fundi anajua kwamba ethi ya nyumba ile haipo, au ilikuwepo na mwizi wa shaba alishaichimbua. Kuchimba upya ni kazi ya nusu siku. Kwa hiyo anafungua soketi na kuunganisha tundu la ethi na waya wa nyutro. Taa inakuwa ya kijani. Anashukuriwa, analipwa, anaondoka.

Nimekuta kazi hiyo kwa macho yangu nyumba nne. Siku nyutro ikikatika huko nguzoni, na nyutro zetu zinakatika kwa upepo, kwa tawi la mwembe, kwa kiungo kilichopata kutu, umeme unaotafuta njia ya kurudi unakuta njia moja tu iliyobaki: ule waya aliouunganisha. Unapita moja kwa moja hadi kwenye bodi ya gari. Gari zima, milango na bawaba zake, linakuwa waya wa moto, huku limesimama juu ya matairi ya mpira yanayolitenga na ardhi. Mtoto aliye pekupeku kwenye mchanga wenye umande anakuja kushika mpini wa mlango.

Hata ethi halali peke yake haitoshi. Tuseme nondo yako ya ethi imezama vizuri na ina omu 20, ambazo kwa mchanga mkavu wa Kigamboni ni ndoto. Waya wa moto ukigusa bodi, zinapita volti 230 gawa kwa 20: ampea 11 na nusu. Breka ya ampea 32 inaona hiyo ni kazi ya kawaida, inaendelea kulala. Kinachoamka ni RCD, breka inayolinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ikakata tofauti ikifika miliampea 30. Pasipo RCD, msifunge.

Wataalamu waliopo watanikumbusha jambo moja. Gari lina betri ya umeme mnyoofu, yaani DC, na umeme huo ukivuja kidogo kurudi ukutani unaipofusha RCD ya kawaida: ipo, ina taa, haioni. Kwa hiyo itakiwe ya Aina ya B, au sanduku lenye kifaa chake cha kuhisi mvujo wa miliampea 6 wa umeme mnyoofu, likifuatana na RCD ya Aina ya A. Masanduku mengi mazuri yanacho humo ndani. Muulizeni muuzaji. Asipojua mnazungumzia nini, nendeni duka la pili.

Bili naipitia haraka, ila kuna shimo moja. Katika bei zilizopangwa na mdhibiti wa bei za umeme, EWURA, mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo, kundi la D1, inalipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo ni 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Mtu wetu wa Mbezi anakula uniti 9 kwa siku kwa gari peke yake. Siku ya tisa ya safari zake ameshavuka. Wako waliolia dukani kwa Mangi kwamba tokeni za elfu kumi zimeanza "kuibwa". Hakuna mwizi, mmebadilisha maisha, kundi la bei nalo linabadilika. Pigeni hesabu kwa kundi linalofuata, T1, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kama 356 ukiziongeza. Siku 26 za uniti 9 ni uniti 234, yaani shilingi elfu 83 na ushei kwa mwezi. Wenye magari ya petroli mliomo humu, linganisheni wenyewe kimya kimya.

Wenzetu wa Kenya walikwenda hatua moja zaidi. Mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za msongamano na 8 saa za utulivu, bila kodi na makato mengine. Nusu kamili. Maana yake ni kwamba anayechaji usiku wa manane analipwa kwa uvumilivu wake. Nami natamani siku moja LUKU yetu ijue kwamba saa nane za usiku si sawa na saa mbili.

Biashara sasa. Kampuni moja ya kusambaza bidhaa iliniita. Wana mpango wa magari madogo kumi ya umeme. Meneja alikuwa na karatasi ya bei ya masanduku kumi ya kilowati 7.4. Jumla kilowati 74, na kwa mzigo huo unaanza kuongea habari za transfoma yako mwenyewe. Nikamwomba daftari la safari. Kila gari linatembea kilomita zile zile 50. Uniti 9 mara magari 10 ni uniti 90. Usiku wa saa kumi, hiyo ni kilowati 9 tu. Njia tatu za ampea 16 zinatoa 11.

Kinachohitajika ni masanduku yanayoongea yenyewe kwa yenyewe, yagawane. Kumbukeni ampea 6 ndiyo chini kabisa ya lugha ile. Kila njia yenye ampea 16 inalisha magari mawili kwa ampea 8 kila moja. Njia tatu, magari sita kwa pamoja. Manne yanangoja foleni, na likijaa moja linaingia jingine. Mlinzi anakunywa kahawa, hagusi kitu. Meneja aliniangalia kama niliyemharibia sherehe.

Mwenye hoteli anayetaka mashine ya haraka, ile ya kilowati 50 inayopeleka umeme mnyoofu moja kwa moja kwenye betri, ana hesabu nyingine. Mteja mkubwa wa kundi la T2 halipi uniti peke yake. Analipia pia kilele cha mzigo wake wa mwezi, shilingi 15,004 kwa kila kVA kwa bei hizo za 2016. Likija gari moja tu tarehe tatu, likavuta kVA 50 juu ya kilele chako cha kawaida, umejiongezea shilingi 750,200 za mwezi huo. Mgeni mwenyewe kanunua soda. Hoteli ambayo wageni wake wanalala, kwa maoni yangu, iwape kilowati 7 na kitanda kizuri. Mashine za haraka ni za njia kuu, mtu anaposimama kula na kuendelea na safari.

Na sola? Kwa nyumbani haikai vizuri, kwa sababu jua likiwaka gari liko kazini. Kwa ofisi inakaa vizuri mno. Kilowati 4 za paneli juu ya bati zinaweza kutoa uniti 16 hivi kwa siku nzuri, na magari yamejipanga chini yake tangu saa mbili asubuhi. Anayetaka kuchaji kwa jenereta ndogo wakati umeme umekatika, ajue kwamba katika nyingi nyutro haijafungwa kwenye ethi, na gari litakataa kwa sababu zile zile za tundu la juu.

Nisingependa mtu atoke hapa akiamini usiku unatosha kwa kila mmoja. Bodaboda anauza saa zake. Akisimama saa nne kuchaji, watoto hawali. Ndiyo maana watu wa kampuni ya Ampersand, tangu 2019 kule Kigali, hawamfungii chaja. Wanampa betri iliyojaa na kuchukua iliyokwisha, dakika chache, anaondoka na abiria. Basi la jiji liko katikati. Kampuni ya BasiGo ilipoanza Nairobi mwaka 2022 kwa mabasi ya BYD ya viti 25, kazi kubwa ya kuchaji ilikuwa ni ya usiku, bohari, kwa sababu basi nalo lina usiku. Mwenye bajaji, jipime mwenyewe: kama unaegesha saa nne usiku, uko na basi; kama unagawana chombo na mwenzako wa zamu ya usiku, uko na bodaboda.

Kuna aliyenitumia karatasi hapa mbele, anauliza kuhusu joto la Dar. Swali zuri. Betri ya Leaf ya zamani haina mfumo wa kupozwa. Inategemea hewa inayopita. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, mji wa jangwani, walianza kulalamika kwamba vidirisha vya uwezo kwenye dashibodi vinapungua mapema, na kesi ilifika mahakamani. Sisi hatuko jangwani, lakini joto tunalo. Kwa gari la namna hiyo, chaji polepole, anza usiku ukishatulia kuliko mara tu ukitoka kwenye foleni za Ubungo, na usiliache limejaa hadi juu kwenye jua. Anayenunua lililotumika ahesabu vidirisha hivyo kabla ya kuhesabu pesa: vikiwa kamili ni 12.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ile soketi imefika wapi? Naiona kwa dada wa safu ya nyuma. Naomba irudi, mama. Kesho asubuhi naenda kwa mteja wa Goba aliyeniambia kwa simu kwamba yake imekuwa ya kahawia kidogo lakini bado inafanya kazi.